Umkorogee Mumeo Uji

Watu wakinitania siku hizi kwamba ndoa yangu ilitengenezwa na mchawi, sikasiriki. Nacheka hadi nashika mbavu. Lakini wakati ule, nikiwa bibi wa mwaka wa kwanza huko Gesima, ungenitania hivyo ningekurushia mwiko, na mimi nikirusha sikosei.

Mimi ni mtu wa Tabaka. Kwetu ni kwa mawe. Baba yangu alikuwa mchongaji wa bakuli na vinyago, na nguo zetu zilikuwa na vumbi jeupe hata baada ya kufuliwa. Niliolewa Gesima miaka michache baada ya uhuru, wakati watu wa milima ile walipokuwa wanaanza kupanda chai yao wenyewe, na kila mtu anakuvuta mkono akakuonyeshe miche yake kama anayeonyesha mapacha. Nilitoka kwa Wakatoliki nikaingia kwa watu wa Sabato. Jumamosi yangu ya kwanza niliwasha moto nipike, mama mkwe akaja mbio na kibuyu cha maji, akaumwagia moto wangu maji, pwaa, bila hata salamu. Basi tukajuana hivyo.

Kitu kimoja kilinishangaza kwa watu wale. Chai walipanda, wakapalilia, wakachuma, wakauza, lakini hawakuinywa hata tone, kwa sababu ya dini. Asubuhi kwao ilikuwa uji wa wimbi. Ukumbuke huo uji, maana ndio ulioleta vita.

Mume wangu alikuwa mrefu, mpole, mchapakazi, na mkimya kupita kiasi. Akikwambia "ndiyo" asubuhi, itunze hiyo ndiyo yako, hutapata nyingine hadi jioni. Babake alikuwa amefariki kabla sijaolewa, na yeye ndiye kitinda mimba aliyebaki nyumbani na mamake. Kwa desturi yetu, bibi mpya hupika kwanza katika jiko la mama mkwe. Halafu siku inafika anapewa jiko lake mwenyewe, mafiga yake, sufuria zake. Siku niliyopewa langu nilicheza peke yangu humo ndani mlango ukiwa umefungwa. Kuanzia hapo mume anakula kwa mkewe, na kila anayepita njiani akiona moshi wako anajua kuna mke pale.

Wangu hakula kwangu.

Asubuhi alipita mbele ya mlango wangu, akakatiza migombani, akaenda kwa mamake. Jioni vivyo hivyo. Akarudi anapangusa mdomo, ananisalimu kwa adabu kabisa. Mimi nimepika chinsaga, zile mboga chungu za kwetu, nimezilaza kwenye maziwa mpaka uchungu umeisha. Nimesonga ugali wa wimbi hadi mkono unauma. Anasema, "Nimeshiba." Chakula changu kililiwa na mbwa. Mbwa yule alinenepa hadi akawa havumilii kusimama akimbwekea mgeni, anabweka amelala.

Mtu asipokula kwako, watu wanajua. Sijui wanajuaje, lakini wanajua. Pale kituoni tulipopeleka majani ya chai kupimwa, wanawake walikuwa wananiuliza kwa sauti tamu, "Dada, leo kwako mnapika nini?" halafu wanaangaliana. Siku moja nilimjibu mmoja wao, "Ninapika ulimi wa mmbeya, uje tuonje." Walicheka, nami nikacheka, lakini nikifika nyumbani nilikaa chini nikalia kwa hasira.

Ungeniuliza kwa nini sikurudi kwetu. Ningerudi vipi? Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yangu walikuwa wamekwisha kwenda Mosocho kumwolea kaka yangu mke, na mke huyo alikuwa mjamzito, tena mimi naye tunapendana. Mimi nikiondoka Gesima, ng'ombe wanadaiwa. Ng'ombe wakidaiwa, ndoa ya kaka yangu inavunjika. Lakini nami nina moyo. Kwa hiyo nilimwambia mume wangu wazi: "Mvua hizi zikiisha kama hujala kwangu, narudi Tabaka. Na iwe itakavyokuwa." Aliniangalia kama mtu anayetaka kusema jambo, midomo ikasogea kidogo. Kisha akavaa kikapu chake mgongoni akaenda kuchuma chai.

Nilikwenda kwa mzee wa kanisa, jirani yetu. Alinisikiliza, akasema, "Mambo ya nyumba ni ya mchungaji. Atakuja Jumapili."

Mchungaji wetu hakuwa Mkisii. Alitoka milima ya Upare, ng'ambo huko Tanzania, mtu mfupi mnene, aliyepanda vilima vyetu kwa baiskeli huku akiisukuma zaidi ya kuipanda, na aliyecheka kabla kichekesho hakijafika mwisho. Na Kiswahili chake, jamani! Chetu kilikuwa cha darasani na cha kununulia chumvi dukani kwa Mhindi. Chake kilikuwa cha kuotea ndoto. Akihubiri, mzee wa kanisa alitafsiri kila sentensi kwa Kikisii, na mara nyingine tafsiri ilikuwa fupi mno tukajua tumeibiwa. Lakini kwenye mambo ya mke na mume mchungaji hakutaka mkalimani. Alisema mkalimani ana mke, na mke wa mkalimani ana mdomo.

Kila akija makanisani kwetu, Jumapili yake yote ilikuwa ya nyumba zenye shida. Watu waliiita kliniki. Unaingia kile chumba kidogo nyuma ya kanisa, ambamo kulikuwa na majembe, viti vilivyovunjika, na beseni za kutawadhana miguu siku ya meza ya Bwana, zimepangwa moja juu ya nyingine. Mke na mume mnakaa benchi moja. Sisi tulikaa tukaacha katikati nafasi ya mtu mzima na mzigo wake.

"Hapa kwangu," mchungaji akasema, "malalamiko yanabaki nje kwanza, pamoja na viatu vya matope. Tunaanza na sifa. Bwana, msifu mkeo kwa jambo moja."

Mume wangu aliangalia beseni. Akaangalia dirisha. Nje mvua ilikuwa imeanza. Hatimaye akasema, "Anachuma chai vizuri."

"Eh!" mchungaji akasema. "Endelea."

"Majani mawili na kichipukizi. Haharibu kichaka."

Masikio yangu yalishika moto. Kibarua! Nimeolewa nikawa kibarua! Kumbe baadaye nilikuja kuelewa kwamba katika vilima vile, kwa mwanamume kama yule, hakuna shairi la mapenzi kubwa kuliko hilo. Lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kuelewa.

"Na wewe binti yangu, msifu mumeo."

"Halewi," nikasema. "Hapigi. Hasemi. Hali."

Mchungaji akacheka hadi miwani ikateleza. "Nimekuomba sifa, umenipa na kesi juu yake. Haya, hali kivipi? Bwana, unakula wapi?"

"Nakula kwa baba," mume wangu akasema.

Mchungaji akatikisa kichwa kwa upole. "Kula na mzee wako ni heshima kubwa, siwezi kukukataza. Ila mara nyingine mzee huyo ungemwomba..."

"Mzee alishakufa," mume wangu akasema.

Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Bwana," akasema polepole, "unakula kwa marehemu?"

Ikabidi niingilie. Kwa Kikisii mama ndiye anaitwa baba, na baba anaitwa tata. Mume wangu alikijua Kiswahili, alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai Kericho, lakini mtu akibanwa hukimbilia lugha ya nyumbani. Nikamweleza mchungaji: baba ni mama. Alinitazama, akamtazama mume wangu, akacheka tena mpaka nami nikaanza kucheka bila kupenda. Mume wangu pia alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tunatabasamia jambo moja.

"Kwa hiyo unakula kwa mama yako. Kwa nini, bwana?"

Tabasamu likafa. "Basi tu," akasema. Kwetu kuna kitu tunakiita ensoni, ile haya ya heshima. Yako mambo ya mama ambayo mwanamume hayasemi mbele ya mkewe, hata umchome na moto. Mchungaji hakulijua hilo. Akadhani ni mazoea tu ya mtoto wa mwisho.

"Sikilizeni," akasema, na akapaza ile sauti yake ya mimbarani kwa sababu mvua ilikuwa inapiga bati. "Dawa ya ndoa yenu ninayo, na ni rahisi. Binti, kila asubuhi umkorogee mumeo uji. Uukoroge kwa mkono wako mwenyewe, uji mzito, umwekee mbele yake. Na wewe bwana, uunywe wote hapo hapo, akiona. Korogeni na kunywa, korogeni na kunywa, mtaona mabadiliko!"

Hapo ndipo tuliposikia ukelele chini ya dirisha.

Mama mkwe wangu alikuwa ametufuata. Alikuwa amechutama pale nje, gunia kichwani kujikinga mvua, anasikiliza. Kiswahili hakukijua kabisa. Lakini neno dawa kila mtu alilijua, hata kuku. Neno mume pia alilijua. Na lile la tatu alilijua zaidi ya yote, kwa sababu kwa Kikisii koroga maana yake ni kuroga. Kumtupia mtu uchawi. Kupika kwetu ni koruga, na kuroga ni koroga. Kati ya jiko na uchawi kuna irabu moja tu. Kwa hiyo alichosikia yule mama, kwa masikio yake mawili, kutoka kinywani mwa mtumishi wa Mungu, ni kwamba huyu mtoto wa Tabaka amepewa dawa, na amroge mumewe kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe.

"Baba!" alipiga kelele, akimwita mamake aliyekufa zamani. "Baba, wanamroga mwanangu kanisani!" Na akashuka mteremko mbio, gunia likipeperuka, akimwambia kila mgomba aliokutana nao.

Ulimi hauna mfupa. Kabla jua halijazama, kinu cha posho kilikuwa na habari, mto ulikuwa na habari, kituo cha chai kilikuwa na habari, na kila mahali habari iliongezewa unga. Walisema nimebeba mawe ya Tabaka yaliyosagwa nikayatia kwenye wimbi. Walisema mchungaji amekuja na kitabu cheusi kutoka Upare. Kitabu kilikuwa cheusi kweli, kilikuwa Biblia. Nilijaribu kueleza. Niliwaambia wanawake pale mtoni, jamani, koroga ya Kiswahili ni kuzungusha mwiko tu. Wakarudi nyuma hatua moja moja na mitungi yao. Nani anasikiliza kamusi ya mchawi?

Hata hivyo, mimi ni mbishi. Mchungaji alisema nikoroge, nikakoroga. Asubuhi iliyofuata nilipika uji mzito wa wimbi, nikamwekea mume wangu mezani. Alikuja. Alikaa. Aliuangalia uji ule ukitoa mvuke hadi ukaacha kutoa. Kisha akasimama akatoka. Lakini sikiliza: hakwenda kwa mamake pia. Mamake alikuwa amemwambia akinywa uji wangu asimwite mama tena, nami nilikuwa nimemwambia akila kule narudi kwetu. Basi hakula popote. Alikula ndizi mbivu shambani na mahindi ya kuchoma kituoni, akakaza mshipi wake. Na kila asubuhi alikuja tena akakaa mbele ya uji asiokunywa. Nilikuwa na hasira nyingi, lakini jambo hilo lilinisumbua. Mtu asiyekutaka anakuja kukaa mbele ya uji wako kufanya nini?

Jambo jingine nililiona bila kulielewa. Ng'ambo ya migomba, paa la mama mkwe halikuwa linatoa moshi. Nikasema moyoni, ahaa, anafunga. Hata kufunga anafunga kwa ajili yangu ili Mungu aniondoe.

Mvua zikaisha. Jumapili ya mchungaji ikafika tena, na safari hii wazee wa kanisa hawakumngoja chumbani. Walimwekea mkutano uwanjani, nje, mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa nimeshafunga nguo zangu katika shuka. Nilisema nitasikiliza hadi mwisho kisha nitashika njia ya Tabaka. Nikakaa na mzigo wangu miguuni, kila mtu auone.

Mchungaji alifika akisukuma baiskeli, anapunga mkono, anashangaa kwa nini hakuna anayempungia. Mzee wa kanisa alisimama. Jasho lilikuwa linamtoka maskini.

"Mchungaji," akasema, "watu wanasema umemfundisha huyu binti koroga."

"Ndiyo," mchungaji akasema kwa furaha, "nilimwambia akoroge. Amekoroga?"

Kelele! Mama mmoja alibeba mtoto wake akakimbilia barabarani.

Mzee wa kanisa akainua mkono watu wanyamaze. "Na huko kwako, mchungaji... mkeo naye anakukoroga?"

"Ananikorogea kila siku!" mchungaji akasema, akijipiga tumbo. "Tangu tuoane! Mnadhani unene huu umetoka wapi?"

Nilijaribu kujizuia. Haki ya Mungu nilijaribu. Nilikuwa mtu wa kuachika, mzigo uko miguuni. Lakini nilipomwona yule mtumishi wa Mungu amesimama pale anajipigapiga tumbo, na wazee wanamtazama kama wanaomwona akikiri, kicheko kilinitoka kwa kishindo. Nikasimama nikasema kwa Kikisii na kwa Kiswahili, vyote kwa pamoja, "Leteni sufuria! Leteni wimbi, leteni mwiko! Nitawaonyesha nilichofundishwa!"

Nyumba ya mzee wa kanisa ilikuwa pale pale. Mkewe, ambaye hakuwa mwoga, alileta vyote na kijinga cha moto. Nikapika mbele ya mkutano mzima. Maji yakachemka, nikamwaga unga, nikachukua mwiko. Nikazungusha. "Hii," nikasema, "kwa Kiswahili ni kukoroga. Hii! Mkono, mwiko, unga. Mnaona mchawi hapa?" Mchungaji alikuwa bado haelewi. Mzee wa kanisa akamnong'oneza maana ya koroga kwa Kikisii. Nilimwona akifungua mdomo, akifunga, akifungua tena, kisha akakaa chini kwenye nyasi na suruali yake ya ibada, akacheka hadi machozi, akijipiga paji la uso. "Mungu wangu! Na juu yake nikasema dawa! Na nikasema kila asubuhi!"

Watu wakaanza kucheka. Kwanza mmoja mmoja kwa woga, halafu wote. Mchungaji akasimama akaninyang'anya mwiko, akakoroga yeye mwenyewe, akiimba, "Naroga! Naroga!" Akajimiminia, akanywa. Wazee nao wakaomba. Kiswahili kinaita mwiko kijiko cha kupikia, na kinaita mwiko jambo lililokatazwa. Siku ile vyote viwili vilikuwa ndani ya sufuria moja, na watu wakapanga foleni.

Aliyebaki hajacheka ni mmoja. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni juu ya gogo, amejifunika leso hadi kidevuni. Nilimwona, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi mikono yake ilivyokonda.

Mchungaji akampa mume wangu kikombe. "Haya, bwana. Umejua sasa si uchawi. Kunywa."

Mume wangu akashika kikombe kwa mikono miwili. Nami nikashika mzigo wangu, maana hiki ndicho kilikuwa kikombe cha mwisho, asipokunywa, naondoka. Akakiinua. Hakunywa. Aligeuka akamtazama mamake, akasema kwa Kikisii, mbele ya watu wote, mtu yule asiyesema:

"Baba, nikinywa hapa, wewe utakula na nani?"

Akawageukia watu. Akaendelea, sauti chini, kama anayejivua nguo hadharani. "Tangu tata afe hali peke yake. Alikuwa anapika, anafunika, na siku hizi hata moto hawashi. Nikikaa naye anakula. Nisipokaa, analala hivyo. Nimemwambia, hasikii. Ningemwambia nani?"

Nikaukumbuka ule moshi usiotoka. Hakuwa anafunga kwa ajili yangu, wala Mungu hakuwa anaambiwa chochote juu yangu. Mama wa watu alikuwa na njaa. Na mume wangu alikuwa amebeba jambo lile peke yake mwaka mzima, akipita mlangoni kwangu akinuka mboga za kwingine, akinyamaza, akitukanwa na mimi. Nilimpenda mume wangu pale pale. Nilikuwa nimeolewa naye kwa ng'ombe, lakini kumpenda nilimpenda siku ile, uwanjani.

Mzee wa kanisa akamtafsiria mchungaji. Safari hii hakupunguza neno. Mchungaji akavua miwani yake, akakaa nayo mkononi. "Nilitoa dawa ya wawili," akasema taratibu, "kumbe wagonjwa ni watatu."

Sikungoja amalize. Nilichota uji katika kibuyu, nikaenda hadi kwenye lile gogo, nikapiga magoti. Kwetu anayempa mtu kinywaji hukionja kwanza, ili kisiwe na neno. Nikaonja mbele ya macho yake, nikanywa mkupuo mzima. Nikamwambia, "Baba, jiko langu ni kubwa. Mimi pia huwa nala peke yangu, mimi na mbwa. Nimechoka na mbwa."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na bado yalikuwa makali. Akapokea kibuyu. Akanywa kidogo, akatulia kama anayesikiliza tumbo lake. Akanywa tena. Akanywa hadi mwisho, akaingiza kidole akapangusa ndani, akalamba. Kisha akasema kwa sauti ambayo hata waliokimbilia barabarani waliisikia:

"Una madonge."

Uwanja ulilipuka. Mume wangu alicheka, jamani, mtu yule alikuwa na kicheko! Kikubwa, cha ndani, sijui alikuwa amekificha wapi. Akainua kikombe akanywa uji wangu wote bila kupumua, na ukamchuruzika kidevuni, na nilikuwa nalia na kucheka vyote pamoja na wala sikujificha.

Mkutano ulipovunjika niliinama nichukue mzigo wangu, sikuuona. Mama mkwe alikuwa ameshaujitwika kichwani. Njia ya Tabaka inateremka kushoto, ya kwetu inapanda kulia. Alishika ya kulia, mbele yetu, bila kugeuka, akitembea haraka kama aliyeiba.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa jikoni, nimechekecha unga vizuri kabisa, maana lile neno la madonge lilikuwa limeniuma. Mume wangu alikuwa amekaa mezani. Nikasikia mtu anakohoa nje. Nilipofungua, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ameoga, amevaa leso safi, kibuyu chake mwenyewe mkononi. Nikamwambia, "Karibu, baba, ingia."

Hakuingia. Alikuwa na jambo la kusema kwanza, na nikaona midomo yake ikijaribu, kwa sababu alitaka kulisema kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwahi kuisema maisha yake yote. Akanyoosha kibuyu.

"Nikoroge," akasema, irabu moja ikampotea njiani.

Nikakipokea. Ndani, mume wangu alikuwa ameshapanga vikombe viwili, ameacha nafasi ya cha tatu katikati, na hakuwa amegusa chake. Alikuwa anatungoja.